Maswali Mawili ya Ruta

Televisheni za hoteli ile zilikuwa zikikatika kila baada ya dakika nne na ushei. Hoteli yenyewe haikuwa kubwa: vyumba 60 ufukweni, dishi moja pana juu ya paa, na chini ya ngazi kabati la mashine zilizogeuza chaneli za setilaiti kuwa mitiririko ya mtandao. Mgeni akiwasha, picha inakuja safi. Anajilaza, anaanza kufuatilia taarifa ya habari, picha inaganda, kisha kioo kinakuwa cheusi. Akihama chaneli na kurudi, picha ipo. Baada ya muda uleule, giza tena. Waliotangulia kuitwa walikuwa wamebadilisha nyaya, swichi mbili na televisheni kadhaa. "Fundi, sisi tumechoka," aliniambia mama aliyekuwa zamu ya mapokezi. "Wageni wanatuona waongo." Niliketi kwenye chumba kitupu, saa ya simu mkononi. Picha ilikata kwenye sekunde ya 260. Nikahamia chumba cha pili. Ilikata kwenye sekunde ya 260.

Namba hiyo imo ndani ya itifaki yenyewe, na nitaieleza zamu yake itakapofika. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo multikasti, yaani kutuma mtiririko mmoja kwa kundi zima la wapokeaji, inawashinda mafundi ambao kazi nyingine za ruta wanazimudu vizuri. Katika uelekezaji wa kawaida ruta haimuulizi mtu kitu. Pakiti inafika, ruta inasoma inakokwenda, inatazama jedwali la njia, inaisukuma. Katika multikasti ruta lazima iulize maswali mawili: nani anautaka mtiririko huu, na mtiririko umetoka wapi. Swali mojawapo lisipoulizwa, au likijibiwa vibaya, picha haitoki, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonyesha kosa.

Tuanze na jedwali la njia, maana swali la pili linajibiwa humo.

Kila mstari wa jedwali una fungu la anwani na mlango wa kutokea. Anwani ya pakiti ikiangukia ndani ya mistari miwili, ruta haiangalii upi uliandikwa kwanza. Inafuata ulio mahususi zaidi, wenye biti nyingi zinazolingana. Kanuni hii fupi ndiyo iliyoizima YouTube tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza tovuti hiyo ifungwe nchini mwake. Pakistan Telecom ikaandika kwenye ruta zake njia ya kuutupa msafara wote wa fungu la 208.65.153.0/24, na njia hiyo ikavuja nje kupitia mtoa huduma wake wa Hong Kong. YouTube ilikuwa ikitangaza fungu kubwa zaidi, 208.65.152.0/22. Kwa ruta za dunia /24 ni mahususi kuliko /22, basi zikaufuata mstari uliovuja, hata zile zilizokuwa jirani kabisa na mitambo ya YouTube. Urekebishaji ulichukua takriban saa mbili, na sehemu ya dawa ilikuwa YouTube kutangaza mafungu madogo zaidi ya lile lililovuja. Hakuna aliyedukua chochote siku ile. Ruta zilitii kanuni.

Mistari ikiwa mahususi sawa lakini imeletwa na vyanzo tofauti, ruta inapima uaminifu wa mleta habari. Kwenye vifaa vya Cisco mtandao uliochomekwa moja kwa moja una alama 0, njia iliyoandikwa kwa mkono ina 1, na zilizoletwa na itifaki za kujifunza njia zina zaidi: OSPF 110, RIP 120. Alama ndogo hushinda. Maana yake, mstari mmoja ulioandikwa na fundi usiku wa manane miaka mitatu iliyopita, kisha ukasahaulika, unaishinda OSPF inayojifunza hali halisi ya mtandao kila wakati. Njia ya mkono haizeeki wala haijirekebishi. Ninazikubali mahali penye mlango mmoja tu wa kutokea, kama duka au ofisi ndogo. Mahali penye milango miwili, kila njia ya mkono ni deni ambalo mtu atakuja kulilipa.

Somo hilo lilirudi kwa nguvu tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi yenye watoa huduma wawili ingetarajiwa kuhama yenyewe kwenda kwa yule mwenye njia nyingine. Kuhama huko si lazima kutokee, kwa sababu iliyo rahisi kuiona ukikaa chini na jedwali. Njia ya akiba iliyoandikwa kwa mkono huamka pale njia kuu inapotoweka jedwalini, na njia kuu hutoweka pale poti inapozimika. Mkongo ukikatika kilomita 3,000 kutoka ofisini, poti ya fundi inabaki imewaka. Waya unaofika kwa mtoa huduma ni mzima, ruta yake inajibu, na pakiti zinaendelea kusukumwa kwenye shimo. Ruta inayokagua jirani yake tu imekagua mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Inapasa ikague anwani ya mbali, ng'ambo ya bahari, kupitia njia ile ile inayopimwa, na iiondoe njia hiyo jedwalini jibu likikosekana. Vifaa vingi vinaweza kufanya hivyo, hata vya bei nafuu. Kinachohitajika ni mtu wa kuandika amri hiyo.

Kuhusu itifaki zenyewe za kujifunza njia nitapita haraka. RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, inahesabu ruta zilizopo njiani tu na inakomea 15. Ya 16 kwake ni mbali kusikofikika. Sioni sababu ya kuiweka kwenye mtandao mpya leo. OSPF inaipa kila ruta ramani nzima ya eneo lake na kuiachia ipige hesabu ya njia fupi kwa mbinu aliyoibuni Edsger Dijkstra mwaka 1956 na kuichapisha mwaka 1959. Ndani ya chuo, hospitali au kampuni, hii ndiyo ninayoipendekeza. BGP ni ya mpakani, baina ya mitandao yenye wenyewe tofauti, na uzito wake ulionekana tarehe 4 Oktoba 2021: amri moja ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa Facebook, matangazo ya BGP ya seva zake za majina yakaondolewa, na WhatsApp ikanyamaza kwa takriban saa sita.

Jambo moja la OSPF linatuvusha upande wa pili. Ruta zake husalimiana kwa anwani 224.0.0.5. Hiyo ni anwani ya multikasti. Fundi anayefunga multikasti yote kwenye fayawolo, akiamini ni kelele tupu, ataona majirani wa OSPF wakipotea mmoja mmoja.

Wazo lenyewe la multikasti linahusishwa zaidi na Steve Deering, ambaye akiwa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika waraka wa Agosti 1989 uliobeba namba RFC 1112, uti wa mgongo wa multikasti ya IP hadi sasa. Hesabu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kugawa chakula. Chaneli moja ya picha kali tuipe megabiti 8 kwa sekunde. Hotelini, vyumba 60 vikitazama mpira kwa njia ya kawaida, seva inatoa nakala 60 za kitu kimoja, megabiti 480, na ikipata vyumba vingine 60 inabidi itoe mara mbili. Kwa multikasti seva inatoa nakala moja, megabiti 8, na swichi na ruta ndizo zinazoirudufu pale tu njia zinapogawanyika. Vyumba viwe 60 au 600, seva haitambui tofauti.

Kati ya njia tatu za kufikisha habari, unikasti ni mjumbe anayebisha hodi nyumba moja na kurudi kuchukua barua ya nyumba inayofuata. Brodikasti ni mbiu ya mgambo. Inamfikia hata mgonjwa aliyelala. Multikasti inafanana na kikoba. Aliyejiandikisha anapata, asiyejiandikisha hasumbuliwi, na mwanachama asipoitika majina yakisomwa, anafutwa.

Anwani za vikoba hivi zinaanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255. Fundi anayejenga mtandao wa ndani anapaswa kuchagua kwenye fungu la 239, lililotengwa kwa matumizi ya ndani kama vile 10 na 192.168 zilivyotengwa kwa anwani za kawaida. Hapa pana mtego ambao ningependa ufundishwe kwenye kila darasa la mtandao. Swichi haisomi anwani ya IP. Inasoma anwani ya kadi ya mtandao. Anwani ya multikasti ina biti 28 zinazobadilika, lakini zinazoingia kwenye anwani ya kadi ni 23 tu. Biti tano zinapotea, na kwa hiyo anwani 32 tofauti za multikasti zinavaa sura moja mbele ya swichi. Basi 239.0.0.5 na 224.0.0.5 ni pacha kwake. Na kwa kuwa anwani za 224.0.0 ni za mazungumzo ya ruta, swichi nyingi zimeagizwa kuzimwaga kwenye kila poti bila kuuliza. Fundi aliyepanga chaneli zake kwa unadhifu, 239.0.0.1, 239.0.0.2, 239.0.0.3, amejitengenezea mafuriko kwa mikono yake. Angeanza na 239.10.1.1 angelala usingizi.

Sasa swali la kwanza: nani anautaka?

Televisheni ikichaguliwa chaneli, inatuma ujumbe mfupi wa IGMP kusema najiunga na kundi fulani. Ruta inauandika. Swichi yenye uwezo wa kuchungulia IGMP nayo inauona ukipita, na inakumbuka kwamba poti namba 7 inataka kundi hilo. Ila televisheni inaweza kuzimwa ukutani bila kuaga, na ndiyo maana ruta huuliza upya kila sekunde 125: nani bado yupo? Anayetaka ana sekunde 10 za kujibu. Ruta inavumilia maulizo mawili yakipita kimya, kisha inafuta. Mara mbili 125, jumlisha 10. Hiyo ndiyo 260.

Hotelini swichi zilikuwa zinachungulia kama inavyotakiwa, lakini hakuna aliyekuwa anauliza. Ruta ya zamani, iliyokuwa ikiuliza bila mtu kujua, ilikuwa imekufa na nafasi yake kuchukuliwa na mpya ambayo multikasti yake haikuwashwa. Mashine za chaneli na televisheni zilikuwa kwenye mtandao mmoja, kwa hiyo kila mtu aliamini ruta haihusiki. Televisheni ilijiunga, swichi ikaandika, swali halikuja, jibu halikutolewa, na swichi ikafuta jina kwa mujibu wa sheria. Mgeni akibadilisha chaneli na kurudi anajiunga upya, anapata sekunde 260 nyingine. Niliiagiza swichi kuu iwe muulizaji. Mistari miwili ya amri. Laki kadhaa zilizokwenda kwenye nyaya na swichi mpya hazikurudi.

Wapo wanaolitatua tatizo hili kwa kuzima uchunguliaji, na kwa muda wanasifiwa, kwa sababu picha haikatiki tena. Chaneli 20 za megabiti 8 ni megabiti 160. Uchunguliaji ukizimwa, megabiti hizo zote zinamwagwa kwenye kila poti, hata ile yenye printa. Televisheni nyingi zina poti ya megabiti 100. Picha zinaanza kuchanika, simu za mapokezi zinakwaruza, intaneti ya wageni inakufa, na fundi mwingine anaitwa kutafuta ugonjwa usio na uhusiano, kwa macho, na televisheni. Mimi siiiti hiyo tiba hata kidogo.

Waulizaji wakiwa wawili kwenye mtandao mmoja wanashindana, na mwenye anwani ndogo ya IP anashinda. Hii nayo ina hatari. Swichi ndogo iliyochomekwa jikoni, yenye anwani 192.168.1.2 na uulizaji uliowashwa kiwandani, inaweza kuipokonya kazi ruta yenye anwani 192.168.1.254, na siku mpishi anapochomoa swichi ile ili achaji simu, jengo zima linayumba hadi ruta igundue kwamba kiti kiko wazi. Muulizaji achaguliwe na mtu, apewe anwani ndogo, na aandikwe kwenye daftari la mtandao.

Wapokeaji na chanzo wakiwa kwenye mitandao tofauti, IGMP peke yake haitoshi. Ruta zinahitaji kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na lugha inayotumika karibu kila mahali ni PIM. Jina lake linasema kwamba haitegemei itifaki fulani ya uelekezaji, na wengi wanalisoma kana kwamba haitegemei uelekezaji wowote. Kinyume chake ndicho kweli. PIM haina ramani yake. Inaazima jedwali lile lile la njia tulilolianza nalo, liwe limejazwa na OSPF, BGP au mkono wa fundi, na inalisoma kinyumenyume.

Hapa ndipo swali la pili linapoingia. Pakiti ya multikasti ikifika, ruta haiwezi kuuliza inakwenda wapi kwa sababu jibu ni kila mahali penye wanachama. Bila breki, ruta tatu zilizounganishwa pembetatu zingerudishiana pakiti moja, zikiirudufu kila mzunguko, hadi mtandao uzimie. Breki iliyobuniwa ni kuuliza asili. Ruta inatazama anwani ya mtumaji na kujiuliza: mimi ningetaka kumtumia huyu barua, ningetokea poti gani? Ikiwa pakiti imeingia kwa poti hiyo hiyo, inapokelewa na kurudufishwa. Ikiwa imeingia kwa poti nyingine, inatupwa kimyakimya.

Chuo kimoja kiliniita kwa ajili ya mihadhara iliyorushwa kutoka studio kwenda kumbi za kampasi ya pili. Zamani kampasi hizo ziliunganishwa kwa redio, antena juu ya mapaa mawili. Baadaye ikaja fiba. Redio ikaachwa kama akiba, na kwenye ruta ya kampasi ya pili ikabaki njia ya mkono kwenda mtandao wa studio, kupitia redio. Kila kipimo kilisema mtandao ni mzima. Ukiipigia studio ping inajibu. Kurasa zinafunguka. Mafaili yanashuka. Kwa kweli pakiti zilikuwa zikienda kwa redio na kurudi kwa fiba, na mawasiliano ya kawaida hayajali kwenda huku na kurudi kule. Multikasti inajali. Mtiririko wa mhadhara uliingia kwa fiba, ruta ikatazama jedwali, ikaona kwamba kwa studio yeye hutokea redioni, ikautupa. Wahadhiri walikuwa wakizungumza na kumbi zenye vioo vyeusi. Tulifuta mstari mmoja, OSPF ikachukua nafasi yake, picha ikatokea kabla sijafunga laptopu. Siku ile niliwaambia vijana wa pale, na nasema tena hapa, kwamba ping ni shahidi wa unikasti tu.

PIM ina mitindo kadhaa, na uchaguzi wake si wa mapambo. Ule wa zamani wa kumwaga kwanza kisha kupunguza hutuma mtiririko kila kona na kusubiri wasiotaka wakatae. Kwenye viungo vya redio vyenye uwezo mdogo ni ukatili. Ule unaotumika sana unasubiri ombi, na unahitaji kituo cha makutano, ruta moja inayojulikana na wote, ambako wapokeaji wanaojua jina la kundi tu wanakutanishwa na mtumaji wasiyemjua. Kituo hicho kinapaswa kufikika kwa njia za kawaida kutoka kila ruta, na kila ruta ikubaliane kwamba ni kimoja na ni kilekile. Nimekuta mitandao yenye ruta saba ambamo mbili zilielekezwa kwenye kituo kilichokwishang'olewa. Kuna pia mtindo wa tatu, ambamo mpokeaji anataja kundi na mtumaji wake pamoja. Huo unaondoa haja ya kituo cha makutano, unatumia fungu la 232, na unadai IGMP toleo la 3, lililotoka mwaka 2002. Kwa mfumo mpya ambao watumaji wanajulikana, kama hoteli au studio, ndio ningeuchagua kwanza, mradi televisheni zenyewe zinalielewa toleo hilo. Ulizia kabla ya kununua.

Mitandao mingi ya ukubwa wa kati haihitaji PIM kabisa. Inatosha ruta kuwa wakala wa IGMP: inapokea maombi ya ndani na kuyapeleka juu kana kwamba ni yake. Ruta za MikroTik kutoka Latvia, zinazotumiwa na watoa huduma wengi wadogo wa Afrika Mashariki, zinaifanya kazi hii vizuri. Katika toleo la 6 la mfumo wake ilibidi kwanza kuweka kifurushi cha ziada, na hilo peke yake limewapotezea watu usiku mzima. Lakini kinachowakwamisha wengi ni sehemu ndogo ya kuandika mafungu ya anwani ambamo mtumaji anaweza kuwa. Ikiachwa tupu, ruta inakubali mitiririko ya watumaji walio kwenye mtandao wa poti ya juu tu. Mtumaji akiwa ruta mbili nyuma, anatupwa. Ni swali lile lile la pili, limevaa nguo nyingine. Kwa Cisco kosa la kawaida ni jepesi zaidi: usambazaji wa multikasti umezimwa mpaka uandike ip multicast-routing, kisha uwashe PIM kwenye kila poti inayohusika, ikiwemo ile inayotazama upande wa mtumaji. Hiyo ya mwisho husahaulika.

Yapo makosa mawili yasiyo ya ruta ambayo ruta hulaumiwa kwayo. Programu nyingi hutuma multikasti zikiwa zimepewa ruhusa ya uhai wa 1, kwa maana kwamba pakiti hairuhusiwi kuvuka ruta hata moja. Hapo tiba iko kwa mtumaji. La pili ni waifai. Kiungo cha hewani hutuma multikasti bila kusubiri uthibitisho wa kupokelewa, na kwa kasi ya chini kabisa ambayo kila kifaa kinaweza kuisikia, mara nyingine megabiti 6 au hata 1. Chaneli ya megabiti 8 haipiti hapo. Vituo vizuri vya waifai vina uwezo wa kugeuza mtiririko kuwa unikasti kwa kila mpokeaji. Washa uwezo huo, au usirushe televisheni hewani.

Kwa nini basi intaneti yenyewe haitumii multikasti kutuletea fainali ya Kombe la Dunia? Jaribio lilifanyika. Machi 1992, kutoka mkutano wa wahandisi wa intaneti mjini San Diego, Steve Casner, Deering na wenzao walirusha sauti kwa vituo 20 katika mabara matatu, kupitia mtandao uliojengwa kwa mahandaki juu ya intaneti ya kawaida, ulioitwa MBone. Novemba 1994 kundi la Rolling Stones lilirusha humo sehemu ya onyesho lake la Dallas. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini mambo mawili yaliyaangusha. Kila mtiririko unaongeza kumbukumbu ndani ya kila ruta inayoupitisha, na mwenye ruta hana namna rahisi ya kumtoza mtu gharama hiyo. Halafu yeyote aliweza kuwa mtumaji wa kundi lolote, na hilo linamtisha kila mlinzi wa mtandao. Mwaka 2020 wahandisi wenyewe waliandika rasmi kwamba mtindo wa mpokeaji asiyemjua mtumaji usitumike tena baina ya mitandao yenye wamiliki tofauti.

Nafasi yake ilichukuliwa na ghala za karibu: nakala ya video inahifadhiwa mjini, na watazamaji wanaivuta kutoka hapo. Kwetu njia hiyo ilitegemea kwanza kuwa na mahali pa kukutania. Watoa huduma wa Kenya walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data, Nairobi mwaka 2000, mdhibiti akaifunga mwishoni mwa mwaka uleule, ikarudi Februari 2002. Kabla yake, ujumbe kutoka mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda mwenzake wa Nairobi ulivuka bahari kwa setilaiti na kurudi. Ghala za leo zimekaa kwenye vituo kama hivyo, na kwa video ya kila mtu kwa wakati wake zinatosha. Kwa mchezo wa moja kwa moja ndani ya jengo, chuo au mtandao wa mtoa huduma mmoja, hazijaishinda multikasti, na masoko makubwa ya hisa ya Marekani bado yanasambaza bei kwa njia hiyo kwa sababu kila mnunuzi anataka aipate kwa wakati mmoja na mwenzake.

Anayedhani anaweza kuikwepa kabisa aitazame IPv6. Humo brodikasti haipo. Kompyuta ikitaka kumjua jirani yake inauliza kwa multikasti, na kazi ya IGMP inafanywa na MLD. Swichi inayochungulia MLD vibaya inakata mawasiliano ya kawaida kabisa, ya kurasa na barua pepe. Kadiri watoa huduma wetu wanavyohamia huko, mambo haya yatakuwa ya kila fundi.

Ombi langu kwa anayefunga mitandao hii linahusu mpangilio wa kazi. Safisha jedwali la njia kwanza, kwa kuuliza kila njia ya mkono iliandikwa na nani na kwa nini. Hakikisha njia ya kwenda kwa mtumaji na ya kurudi ni moja. Chagua muulizaji na umtaje kwa jina kwenye karatasi itakayobaki kabatini. Anwani za chaneli zije baadaye, PIM baada ya hapo. Kisha washa televisheni moja, keti mbele yake, usiguse rimoti, na usiondoke chumbani kabla ya dakika tano kwisha.